Bingwa wa Ulingoni Kutoka Koboko: Nani Alimlea Nje ya Uwanja?



Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, safari hii tumeamua kuandika historia ya michezo, ingawa mwisho wake utaonekana kuwa si historia ya michezo peke yake. Kilichotusukuma ni swali ambalo wazazi wa Arua na Koboko huulizana sana: mtoto akiwa na kipaji cha mpira, au ngumi, au mbio, tumwachie? Na tukimwachia, tunamkabidhi kwa nani?

Tuanze mbali kidogo, Australia. Wapo kati yetu wenye ndugu huko, hasa familia za Sudan Kusini zilizopita Uganda na Kenya zikiwa ukimbizini kabla ya kupata nafasi ya kuhamia Melbourne, Perth au Brisbane. Watoto wao wamekuta mchezo ambao huku kwetu haupo. Wao wenyewe huuita mpira wa miguu, lakini mpira wenyewe una umbo la yai, uwanja ni wa mviringo, kila timu ina wachezaji 18, na mikono inatumika kama miguu. Mchezaji anayekimbia na mpira ni lazima audundishe au auguse chini kila baada ya mita 15. Ni mchezo wa mbio ndefu, wa kuruka juu na wa kugongana, na vijana warefu wenye pumzi hupendwa sana.

Ligi kuu ya mchezo huo imewahi kuwa na Muislamu aliyejulikana kwa kushika dini yake, Bachar Houli, mzaliwa wa Melbourne mwenye asili ya Lebanon. Alianza katika timu ya Essendon mwaka 2007, akahamia Richmond kwa msimu wa 2011, na akatwaa ubingwa mara tatu, 2017, 2019 na 2020, kabla ya kustaafu mwaka 2021. Aliswali, alizungumza waziwazi kuhusu Ramadhani, na akaanzisha mafunzo ya uongozi kwa vijana wa Kiislamu wanaocheza mchezo huo. Katika ligi hiyohiyo yupo Aliir Aliir, aliyezaliwa Kakuma nchini Kenya mwaka 1994 katika familia ya wakimbizi wa Sudan Kusini, akaanza kucheza ligi kuu akiwa Sydney mwaka 2016, na mwaka 2021, akiwa Port Adelaide, akachaguliwa katika kikosi bora cha Australia nzima. Kabla yake alitangulia Majak Daw, mzaliwa wa Khartoum, aliyekuwa wa kwanza mwenye kuzaliwa Sudan kucheza ligi hiyo, mwaka 2013. Daw aliumia vibaya sana mwishoni mwa 2018 katika kipindi cha dhiki kubwa ya moyo. Alitibiwa, akarudi uwanjani mwaka 2019, na baadaye akaeleza hadharani aliyopitia, ili vijana wengine waseme mapema.

Katika habari za vijana hao kilichotuvutia zaidi ni kwamba timu za huko huajiri mtu ambaye kazi yake si kufundisha mpira. Kazi yake ni kumwangalia kijana nje ya uwanja: anasoma nini, anakaa na nani, fedha zake zinakwenda wapi, analala vizuri au halali. Haikuzuia kila baya, kama tulivyoona. Lakini angalau wamekiri kwamba anayevaa jezi ni mtu, na mtu huyo ataendelea kuishi baada ya mechi kwisha.

Sasa turudi nyumbani. West Nile nayo iliwahi kutoa kijana mwenye mwili wa ajabu, aliyepata umaarufu wa michezo kabla ya umaarufu mwingine wowote. Ukoo wake ni wa Koboko. Jina lake ni Idi Amin. Tunajua kwamba jina hili likitajwa wapo watakaokunja uso na wapo watakaotabasamu. Tunaomba subira. Katika makala hii tunamtazama kwanza kama kijana mwanamichezo, na tunauliza swali lilelile la wazazi: alikabidhiwa kwa nani?

Keya ilipokuja kutafuta vijana

Eneo letu liliingia Uganda kwa kuchelewa. Lilikuwa sehemu ya Lado, iliyoshikwa na Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi kifo chake mwaka 1909, kisha likawa chini ya Sudan, na mwaka 1914 likaunganishwa na Uganda. Ofisi ya mkuu wa wilaya ikawekwa Arua. Uislamu wa mjini ulikuwa umeshapata wabebaji wake, wengi wao Wanubi, wazao wa askari wa Emin Pasha ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891 na kuwaingiza katika jeshi lake.

Serikali ya kikoloni haikuliona eneo hili kuwa shamba la pamba na kahawa kama Buganda. Ililiona kuwa mahali pa kutoa watu. Waliotakiwa kwa jembe walipelekwa kwenye mashamba ya miwa kama Lugazi na Kakira, na waliotakiwa kwa bunduki waliingia Keya, yaani King's African Rifles. Maofisa wa Kiingereza waliamini kwamba watu wa kaskazini ni wa kabila za vita. Walitafuta urefu, kifua na utii. Kijana aliyesoma sana aliwatia wasiwasi. Asiyesoma alionekana askari mzuri zaidi. Wazo hilo lilikuwa la kipumbavu na lilileta madhara makubwa, na tunalisema bila kusitasita, kwa sababu lingali linatembea katika baadhi ya vichwa vya makocha hadi leo.

Vitabu havikubaliani kuhusu alikozaliwa Amin. Vingine husema Koboko, vingine Kampala, na mwaka hutajwa kati ya 1925 na 1928. Kinachokubaliwa ni kwamba baba yake alikuwa Mkakwa na mama yake Mlugbara, na kwamba wazazi hao walitengana akiwa mdogo, akalelewa upande wa mama, mbali na Koboko, huko kusini kwenye makazi ya Wanubi na vibarua wa miwa. Inasimuliwa kwamba alipata chuo cha Qur'ani Bombo. Shule ya kuandika na kusoma Kiingereza hakuipata ya kutosha.

Mwaka 1946 akaingia Keya, na habari iliyozoeleka ni kwamba alianzia jikoni, msaidizi wa mpishi. Huko alipata sare, blanketi, mshahara na chakula cha uhakika. Alipata pia Kiswahili, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa lugha ya kambi. Afande akitoa amri, Mkakwa, Mwacholi na Mkamba wote walisikia jambo moja. (Na neno lenyewe "afande" limetokana na "effendi" la Kituruki, lililokuja na majeshi ya Misri na Sudan. Tutalikuta tena hapa chini.) Alipelekwa Kenya, kisha Somalia kupambana na mashifta mwaka 1949, kisha Kenya tena wakati wa vita vya Mau Mau.

Ngumi na raga

Jeshi lilipenda michezo kwa sababu zake. Mchezo uliwaweka askari katika hali nzuri, ukawapa kikosi kimoja cha kushangilia, na ukawapa maofisa cha kujivunia mbele ya maofisa wengine. Amin alikuwa na urefu wa karibu futi 6 na inchi 4, mwepesi wa miguu kwa mwili ule, na hakuogopa kupigwa. Mwaka 1951 akawa bingwa wa Uganda wa ndondi katika uzito ulio chini kidogo ya ule wa juu kabisa, na akaushika ubingwa huo hadi mwaka 1960. Miaka tisa si bahati. Anayejua ndondi anajua maana yake ni kuamka alfajiri, kuruka kamba, kukimbia na kujinyima.

Alicheza pia raga katika timu ya Jinja, ambako kikosi chake kilikuwa na kambi. Raga ni jamaa wa karibu wa ule mchezo wa Australia tuliouanza nao: mpira wa umbo la yai, miili inayogongana. Katika mchezo huo uliokuwa wa wazungu, Mwafrika uwanjani alikuwa kitu cha nadra. Kuna hadithi maarufu kwamba aliwekwa kuwa mchezaji wa akiba wa Afrika Mashariki dhidi ya timu ya Uingereza, British Lions, mwaka 1955. Hadithi hiyo imerudiwa magazetini mara nyingi, lakini waliochunguza kumbukumbu za mechi hawakumwona, na sisi hatuihesabu. Inafundisha jambo moja tu: watu walipenda sana kumsimulia kama mwili mkubwa unaochekesha.

Baada ya filimbi ya mwisho kila mtu alirudi mahali pake. Maofisa walikuwa na mesi yao, askari weusi walikuwa na mabanda yao. Waliomshangilia mchana hawakula naye usiku, wala hawakukaa naye kumfundisha kusoma. Makamanda wake walimsifu kwa nguvu, bidii na uaminifu, na haohao waliandika kwamba kusoma kulimpa taabu. Walikuwa naye kwa zaidi ya miaka kumi. Katika miaka hiyo walimfundisha kutumia bunduki, kuendesha gari, kupiga gwaride, kupiga ngumi na kucheza raga. Ni vigumu kuamini kwamba walishindwa kumfundisha kitabu. Walio rahisi kuaminika ni wale wanaosema hawakuona haja.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Huyu alikunjwa kweli, tena na mafundi, lakini walimkunja wapate ndoana.

Yaliyotokea Turkana

Mwaka 1959 alipewa cheo cha effendi, cha juu kabisa alichoweza kufikia Mwafrika katika jeshi hilo wakati ule. Uhuru ulikuwa unakaribia kwa kasi, na Waingereza wakashtuka kwamba hawakuwa wametayarisha maofisa wenyeji. Wakatazama nyuma wakawaona waliokuwapo. Mwaka 1961 Amin na Shaban Opolot wakawa Waganda wa kwanza kupewa uofisa kamili. Kwa hiyo upungufu wa elimu ambao hakuna aliyeujali kwa miaka 15 ukapandishwa cheo pamoja na mwenyewe.

Kisha likaja jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kiini cha habari hii yote, ingawa vitabu vingi hulipita kwa aya moja.

Mwanzoni mwa 1962 kikosi cha Amin kilitumwa mpakani kaskazini-mashariki kuzuia wizi wa mifugo kati ya Waturkana wa Kenya na majirani zao wa Uganda. Baada ya operesheni wakuu wa Kenya walipata malalamiko, makaburi yakafukuliwa, na ikaonekana kwamba watu walikuwa wameteswa na kuuawa. Upande wa Kenya ulitaka Luteni Amin ashtakiwe. Gavana wa Uganda, Sir Walter Coutts, alikuwa na mtu huyo mikononi. Lakini zilikuwa zimebaki miezi michache tu kufika uhuru wa tarehe 9 Oktoba 1962, na kumfikisha mahakamani mmoja wa maofisa wawili tu weusi kulionekana kuwa aibu ya kisiasa. Coutts akamwuliza Waziri Mkuu mpya, Milton Obote. Obote akashauri apewe karipio kali. Akakaripiwa, na kazi ikaendelea.

Tuangalie jambo hili kama wazazi. Kijana anayeshinda amefanya kosa kubwa, na hapa kosa si la kuvunja dirisha, ni roho za watu. Wakubwa wawili wenye uwezo wa kusema "hapana" wamekaa, kila mmoja ana sababu yake. Mmoja anataka kuondoka kwa heshima. Mwingine anaona kwamba mtu huyu mwenye nguvu atamfaa kesho. Hakuna aliyetaja Waturkana waliozikwa. Miaka minne baadaye, tarehe 24 Mei 1966, Obote alimtumia Amin kuvamia Lubiri, jumba la Kabaka pale Mengo. Na baada ya hapo, tarehe 25 Januari 1971, Obote akiwa kwenye mkutano Singapore, Amin akamchukulia nchi.

Tumewahi kusikia makocha wakisema, mchezaji wangu huyu ana matatizo yake lakini magoli anafunga. Kila tunapoyasikia maneno hayo tunaikumbuka faili ya Turkana.

Yaliyofuata yanajulikana. Askari wa Kiacholi na Kilangi waliuawa kambini mwaka huohuo wa 1971. Waasia walifukuzwa mwaka 1972. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alitoweka mwaka huo, na Askofu Mkuu Janani Luwum akauawa Februari 1977. Makadirio ya waliokufa katika miaka minane hutofautiana sana, na idadi ya 300,000 hutajwa mara nyingi. Wengine katika jamii yetu hujibu kwamba alituanzishia Baraza Kuu la Waislamu mwaka 1972, kwamba msikiti mkubwa wa Old Kampala ulianza wakati wake, na kwamba Chuo Kikuu cha Kiislamu kilichofunguliwa Mbale mwaka 1988 chanzo chake ni maombi ya zama zake kwa nchi za Kiislamu. Hayo ni kweli na hatuyafuti. Lakini Shaban Nkutu, waziri wa zamani aliyeuawa Busoga mwaka 1973, alikuwa Muislamu. Luteni Kanali Michael Ondoga, waziri wa mambo ya nje ambaye maiti yake ilipatikana mtoni mwaka 1974, alikuwa Mlugbara. Brigedia Charles Arube, aliyekufa Machi mwaka huohuo katika jaribio la kumwasi, alikuwa Mkakwa. Anayesema alikuwa mtetezi wa watu wetu na awahesabu na hawa.

Michezo haikulala katika miaka hiyo, na hilo ndilo linalochanganya watu. John Akii-Bua alishinda dhahabu ya mita 400 kuruka viunzi Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, rekodi ya dunia. Mabondia wa Uganda waliogopwa. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia wa ridhaa mwaka 1974 huko Havana. Cranes walifika fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 1978, wakafungwa na Ghana 2–0 mjini Accra. Rais alizipenda timu hizo, akazipokea na kuzizawadia. Na Akii-Bua, Mlangi, shujaa wa taifa, alilazimika kukimbia na familia yake mwaka 1979 na kuonja ukimbizi Kenya.

Mwishoni mwa 1978, majeshi yake yakiwa yamevamia Kagera, Amin alipendekeza kwamba yeye na Mwalimu Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, na Muhammad Ali awe mwamuzi. Dunia ilicheka. Sisi tukiisoma leo tunaona mtu wa zaidi ya miaka 50 ambaye, mambo yalipomzidi, alirudi kwenye kitu pekee alichofundishwa vizuri. Watoto wetu hujifunza madrasa kwamba mwenye nguvu hapimwi kwa mieleka. Yeye alijifunza kambini kwamba anapimwa kwa hiyo hiyo.

Bili ililetwa Arua

Amin aliondoka Kampala Aprili 1979, akapitia Libya, na mwishowe akakaa Saudi Arabia hadi alipofariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003. Watu wa Arua na Koboko hawakuwa na ndege. Oktoba 1980, baada ya mabaki ya askari wake kuvuka mpaka na kushambulia, jeshi la serikali mpya liliingia West Nile kwa kisasi. Nyumba zilichomwa na watu wakauawa kwa kabila na kwa majina. Tarehe 24 Juni 1981 raia waliokimbilia misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, nje kidogo ya Arua, waliuawa humohumo. Wakatoliki, Waanglikana na Waislamu walilipa deni lilelile ambalo hawakulikopa. Mamia ya maelfu walivuka kwenda Zaire na Sudan, na kwa kuwa Koboko ipo palepale mipaka mitatu inapokutana, kwa wengi safari ya ukimbizi ilikuwa ya miguu.

Kizazi kilichokulia huko kilirudi taratibu kuanzia katikati ya miaka ya 1980. Kilikuta mji uliobomoka na jina baya. Kijana wa West Nile aliyekwenda kusoma Kampala aliulizwa kama yeye ni "mtu wa Amin" hata kama alizaliwa baada ya 1979. Vita vidogo viliendelea; mkataba wa amani na kundi la UNRF II ulitiwa saini Yumbe Desemba 2002. Koboko ikawa wilaya kamili mwaka 2005, Arua ikawa jiji Julai 2020, na Chuo Kikuu cha Kiislamu kikafungua tawi Arua. Mzazi wa leo ana shule ya kumpeleka mtoto, jambo ambalo lile jeshi halikuona haja nalo.

Na mpira ukarudi. Mwaka 2011 ilianzishwa Onduparaka, timu iliyobeba jina la mtaa, na kufikia msimu wa 2016/17 ikawa Ligi Kuu ya Uganda. Waliokuwapo Green Light siku za mechi watakumbuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi West Nile ilitajwa redioni Kampala kwa jambo la kufurahisha. Mshambuliaji wake kijana, Muhammad Shaban, aling'ara msimu huo wa kwanza, akachukuliwa na KCCA mwaka 2017 na mwaka 2018 akaenda Raja Casablanca ya Morocco. Kijana wa Arua alivuka mpaka kwa mkataba, baada ya wazee wake kuvuka kwa magunia kichwani. Timu yenyewe baadaye ilishuka daraja, kama timu zinavyoshuka. Fedha za mpira nchini mwetu ni chache na hilo linahitaji makala yake.

Tunarudi kwa mzazi aliyetuuliza. Hatuoni sababu ya kumnyima mtoto uwanja. Mtume (S.A.W.) inasimuliwa alipigana mieleka na Rukana na alishindana mbio na Bi Aisha (R.A.), na sisi si wacha Mungu kuliko yeye. Wala hatusemi kila bondia ni dikteta. Maelfu ya askari wa Keya walipiga ngumi, wakastaafu, wakalima mihogo na kulea wajukuu. Tunachosema ni kwamba kabla ya kumkabidhi mwanao, nenda kamtazame kocha siku timu yake imeshinda kwa goli la mchezaji aliyemtukana mwamuzi. Je, anamketisha benchi mechi inayofuata? Muulize nani anatazama ripoti ya shule. Muulize kijana akiumia goti na mpira ukaisha akiwa na miaka 19, ana nini kingine mkononi. Kocha mwema hatakasirika. Na ukiona watu wazima wanakuambia mwanao hana haja ya shule kwa sababu ana miguu, ujue maneno hayo yana umri wa zaidi ya miaka 80 hapa kwetu, na yaliletwa na watu waliokuwa wakitafuta askari.

Kuna uwanja mwingine wa kuutazama. Tangu mwaka 2013 wakimbizi wa Congo wanakaa Lobule, hapohapo Koboko, na Rhino Camp imejaa familia za Sudan Kusini. Jioni watoto wao hucheza mpira mavumbini, wengine bila viatu, na miongoni mwao wamo warefu wenye pumzi ambao mwalimu yeyote wa michezo angewatamani. Baadhi watapata nafasi ya kuhamia nchi za mbali, kama alivyopata yule mtoto wa Kakuma. Wengi watabaki hapa, na watacheza na watoto wetu katika timu moja.